Jinsi Mzee Kitwana Alivyoachiwa Huru

Nchi ninayoisema haina haja ya jina. Sisi wenyewe tunaiita "nchi yetu", majirani wanatuita "hao", na mambo yanakwenda. Mimi ni mpiga makofi wa Serikali, daraja la pili, katika Wizara ya Utamaduni na Maonyesho. Kazi hii niliipata kwa usaili wa haki kabisa, maana viganja vyangu ni vipana na sina tabia ya kusubiri kwanza nisikie kimesemwa nini. Nitaeleza nilivyoona nikiwa kazini, bila kuongeza chumvi, kwa sababu chumvi nayo siku hizi inaombewa kibali.

Lazima nianze na mchwa. Zamani tulikuwa na jengo la kumbukumbu, na humo kulikuwa na majalada yanayoeleza nani amezaliwa, nani amekufa, nani ana shamba na limeanzia wapi. Mchwa wakaingia wakala yote, pamoja na jalada la mpango wa kupambana na mchwa. Serikali haikuyumba. Ilitoa tamko kwamba kuanzia siku hiyo, jambo lolote lililoonyeshwa mbele ya mgeni rasmi ndilo lililotokea, na ambalo halijaonyeshwa halijatokea bado. Ni utaratibu mzuri, na umetuletea maendeleo ya haraka. Daraja la Mto Mbwinde limeshazinduliwa kwenye televisheni mara kadhaa, na kila mara huwa refu zaidi. Wananchi wanaokunja suruali na kuvuka mto huo kwa miguu wanafanya ukaidi tu, na polisi wamewaonya mara nyingi waache kupita pembeni mwa daraja.

*

Vijana wetu wanaotengeneza filamu walikuwa wameomba kwa muda mrefu wapewe wiki ya kuonyesha filamu fupi za kubuni. Wizara ilisita. Neno "kubuni" halikutusumbua, kwa kuwa takwimu zetu zote tunazibuni wenyewe bila msaada wa wageni. Neno lililotutoa jasho ni "fupi", ambalo halikuwa na mtaalamu hata mmoja serikalini. Mwishowe kibali kikatoka, kwa masharti kwamba filamu ziwe fupi na hotuba zibaki kama zilivyo.

Miongoni mwa vijana hao alikuwamo Zamda, jirani yangu, binti wa mzee Kitwana dobi. Mzee Kitwana ndiye anayenifulia sare zangu za kupigia makofi. Ni mjane, na ni mpole mpaka inaudhi. Ukimkanyaga, yeye ndiye anayekuomba radhi. Zamda ni mtoto wake wa pekee. Wanaishi wawili katika nyumba yenye kamba za nguo kila upande, na ukitaka kumwamkia mzee huwa unaanza kwa kufunua shuka za watu.

Filamu ya Zamda iliitwa Koki, na haikufika hata robo saa. Ndani yake kuna Mtendaji wa Mtaa anayefungua koki ya bomba la umma na kuitia mfukoni mwa koti. Tangu hapo kila anayetaka maji lazima aende ofisini kwake kuiazima koki, aeleze sababu za kiu yake, na airudishe kabla ya saa za kazi kwisha. Nafasi ya Mtendaji alipewa mzee Kitwana. Kipaji hakuwa nacho, ila ndiye mtu pekee mtaani aliyekuwa na suti, nayo ilikuwa ya mteja aliyehamishwa kikazi akasahau kuja kuichukua.

Sasa, mtaa wetu kweli una bomba la umma, na kweli bomba hilo halina koki. Iliondoka miaka mingi iliyopita, na hakuna ajuaye ilikokwenda, ingawa Bwana Ngulwa, Mtendaji wetu halisi, ana bustani ya mchicha inayostawi hata wakati wa kiangazi. Zamda aliazima koki kwa muuza vifaa vya ujenzi, akaifunga kwenye bomba, baba yake akaja na suti yake akaifungua mbele ya kamera. Tulicheka sana siku hiyo. Mzee Kitwana aliniuliza kama alionekana mwizi wa kutosha, nikamwambia hapana, akasikitika.

*

Maonyesho yalifanyika katika Ukumbi wa Maridhiano, ambao zamani ulikuwa ghala la pamba, na hadi leo anayekaa nyuma hupiga chafya. Mgeni rasmi alikuwa Waziri wetu, Mheshimiwa Dakta Lukombe, ambaye udaktari wake alitunukiwa na chuo alichokizindua yeye mwenyewe asubuhi ya siku hiyohiyo. Alizungumza kuanzia chai hadi wali. Alisema kwamba katika nchi nyingine msanii akibuni jambo, jambo hilo huwa uongo. Lakini katika nchi yetu hakuna uongo, ulishafutwa kwa sheria, kwa hiyo kijana wetu hata akibuni namna gani, ataangukia kwenye ukweli tu. Tulipiga makofi kwa mpangilio wa daraja.

Filamu ya kwanza ilihusu kijana anayefariki kwa kuumwa na nyoka. Ilisikitisha sana. Taa zilipowashwa, yule kijana mwigizaji alipanda jukwaani kuinama mbele ya watu, na ofisa wa itifaki akamshusha kwa heshima, akamweleza kwamba marehemu hawatoi shukrani. Mama yake alipewa mkono wa pole na Waziri. Jina la kijana likatolewa palepale kwenye daftari la wapiga kura, naye akaambiwa kama ana malalamiko ayawasilishe kupitia msimamizi wa mirathi.

Filamu ya pili ilikuwa ya mapenzi na iliishia kwa harusi. Sina haja ya kueleza mengi. Mwigizaji mwanamume alikuwa amekuja na mke wake, na mama yule akatolewa safu ya mbele, kiti chake akapewa bibi harusi.

Hapo ndipo nilipomwona Zamda amesimama. Alikuwa ameshika khanga yake kifuani na macho yake yako kwa baba yake, ambaye alikaa safu ya kati na suti ileile, ameinyoosha upya kwa ajili ya sherehe. Zamda alikwenda kwa ofisa wa itifaki akamwomba filamu yake iondolewe. Alisema ina kasoro, sauti mbovu, picha zinatetemeka. Ofisa akamjibu kwamba filamu imo kwenye ratiba, na ratiba ameshaisoma mgeni rasmi, hivyo filamu imeshaonyeshwa isipokuwa kwa wale ambao bado hawajaiona. Akamrudia mara ya pili akimshika mkono, na ofisa akamwambia aache woga wa wasanii.

Basi taa zikazimwa. Mzee Kitwana akatokea kwenye pazia, mkubwa kama nyumba, akatazama huku na huku kwa aibu, akafungua koki, akaitia mfukoni. Halafu kutoka safu ya mbele ikasikika sauti ya mtu analia. Alikuwa Bwana Ngulwa. Alilia kwa furaha, akasema mbele ya Waziri kwamba miaka yote hii amebeba lawama za bure, na leo Mungu amemleta mwizi mwenyewe tena na suti yake mwilini.

Walimchukua mzee Kitwana kabla filamu haijaisha. Kwa kuwa alikuwa amekaa katikati ya safu, aliwaomba radhi wote aliowapita magotini.

*

Kesi ilikwenda upesi, maana ushahidi ulikuwa na muziki. Mheshimiwa Hakimu aliitazama filamu mara kadhaa na kusifu mwanga. Zamda alisimama kumtetea baba yake kwa sababu mawakili wote walikuwa wanasubiri kuonyeshwa kwanza ndipo wawe mawakili. Alieleza kwa utulivu kwamba yale yalikuwa maigizo, kwamba kamera ilikuwa yake, kwamba maneno aliyatunga yeye, kwamba hakuna aliyeiba chochote.

Hakimu akainama mbele. Akamuuliza kama anakiri, basi, kwamba alikuwepo wakati wa wizi, alimwona mwizi, na badala ya kupiga yowe alisimama pale akipiga picha. Akamuuliza pia ni nani aliyemwambia mshtakiwa afungue ile koki.

Zamda alifungua mdomo. Nilijua anachotaka kusema, na nadhani kila mtu mahakamani alijua. Lakini baba yake alimtangulia. Mzee Kitwana, ambaye hata kondakta hakuwahi kumdai chenji yake, alisimama kizimbani bila kuruhusiwa.

"Niliiba mimi," alisema. "Huyu binti hakuwepo. Alikuwa nyumbani anaanika."

Hakimu akauliza picha zilipigwa na nani, kama ni hivyo. Mzee akafikiri kidogo, akajibu kwamba kamera za siku hizi zinajipiga zenyewe. Hakimu, ambaye ni mtu wa kisasa, akakubali.

Hukumu ilikuwa ya huruma. Mzee Kitwana atakaa gerezani mpaka koki irudi, na siku ikirudi, siku hiyohiyo naye anarudi. Zamda alitoka mbio, akaenda kwa muuza vifaa, akaichukua koki ileile, akaileta mahakamani akihema. Hakimu aliitazama kwenye kiganja chake kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa masikitiko kwamba koki tuliyoiona sote kwenye pazia ilikuwa kubwa kupita mlango wa mahakama hii, na mtu mzima hawezi kudanganywa na kikoki cha ukubwa wa kidole gumba. Aliagiza itafutwe yenyewe. Nilirudi nyumbani sina hamu ya chakula, na nasema hivi kama raia, si kama mtumishi.

*

Zamda alihangaika sana baada ya hapo. Alikwenda kila ofisi yenye kiti nje ya mlango. Nyumbani nguo za watu zilibaki kwenye kamba mpaka jua likazipausha, na wateja wakaja kuzichukua wenyewe. Alikuwa akimpelekea baba yake chakula gerezani, kikipokelewa getini, na vyombo vinarudi vimeoshwa safi kupita kawaida, ndivyo alivyojua kwamba mzee bado ana nguvu.

Katibu wa Waziri ndiye aliyemwonea huruma. Ni mtu mwema, huwa anafunga mlango kabla ya kusema jambo la maana. Alimwambia kwamba katika nchi hii kilichofungwa na filamu hufunguliwa na filamu. Atengeneze nyingine, fupi vilevile, mzee Kitwana anaachiwa huru, anatoka getini, anakumbatiwa na mwanawe, kwisha. Ikionyeshwa mbele ya mgeni rasmi itakuwa imetokea, na hakuna wa kuibatilisha. Waziri aliridhia mara moja, ila aliomba sehemu ya Waziri mwenye huruma aigize mwenyewe, na aandikiwe hotuba.

Gereza lilitoa alasiri moja. Sisi wapiga makofi tulipelekwa kuwa umati wa wananchi wenye furaha. Waziri alimaliza hotuba yake, akaondoka, na ndipo zamu ya mzee ikafika. Lango likafunguliwa. Akatoka na ile suti, imemlegea mabegani, akasimama juani akipepesa macho. Zamda alikuwa ameisimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu ya chuma na kuiwasha, akaja mbio kutoka upande wa pili, akamkumbatia.

Walikaa hivyo. Sisi tulipiga makofi, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wangu viganja viliniuma. Sajenti wa zamu langoni akakohoa kuashiria yatosha. Zamda akamwachia baba yake akaenda kusimamisha kamera, na mzee akageuzwa kurudi ndani, maana filamu ilikuwa haijaonyeshwa, kwa hiyo alikuwa hajaachiwa.

Alipofika langoni mzee Kitwana akageuka. Alimtazama Sajenti, akamtazama binti yake, akasema kwa sauti ndogo:

"Mwanangu, nadhani nimekosea. Sikutoka vizuri. Turudie."

Zamda akamwambia Sajenti kwamba ni kweli, mzee amekosea, alitazama kamera. Wakarudia. Mara hii mzee alikosea mguu wa kutangulia. Wakarudia tena, akasahau kutabasamu. Alasiri nzima alikuwa anaachiwa huru, na kila mara binti yake anamkimbilia kama ndiyo mara ya kwanza, na kila mara wanakaa kidogo zaidi, mpaka Sajenti mwenyewe akageukia ukutani akajifanya anasoma tangazo la saa za kutembelea wafungwa. Jua liliposhuka hakuna aliyeweza kuona kosa lolote tena, na lango likafungwa.

*

Filamu ilionyeshwa katika ukumbi uleule, mgeni rasmi yuleyule. Waziri alilia alipojiona akisamehe. Hotuba yake kwenye pazia ilikuwa ndefu, na baada ya filamu aliirudia kwa wale waliokuwa wanapiga chafya. Alitangaza kwamba kuanzia saa hiyo mzee Kitwana ni mtu huru, yuko nyumbani kwake na familia yake, na asiwepo wa kumsumbua. Zamda alipiga magoti akamshukuru. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, akaniomba nimsindikize kesho yake asubuhi kumchukua baba yake, kwa kuwa mzee atakuwa dhaifu na atahitaji bega la mwanamume.

Tulifika mapema. Zamda alikuwa amevaa vizuri, amebeba kikapu chenye maandazi na chupa ya chai ya tangawizi, mzee apate kitu cha moto kabla ya safari ya kurudi. Sajenti alikuwa yuleyule. Alitupokea kwa uchangamfu, akamwuliza Zamda mzee ameamkaje.

Zamda akasema amekuja kumchukua.

Sajenti akacheka akidhani ni utani. Kisha akaona uso wake, akaacha kucheka. Akasema Kitwana walimwachia, wamemwona jana wote kwa macho yao, gereza zima lilipelekwa ukumbini kwa magari. Jina lake limeshatolewa kwenye orodha, blanketi lake amepewa mwingine, na jikoni wamekwishaambiwa wasimpikie. Hata yeye Sajenti alilia pale walipokumbatiana.

Zamda akamwambia kwa upole, kama mtu anayemweleza mgonjwa, kwamba baba yake yumo ndani. Siku ile walipomaliza kupiga picha alirudishwa ndani. Yeye Sajenti ndiye aliyefunga lango.

Sajenti alivua kofia yake akaipangusa bila sababu. Hakuwa mtu mbaya, na nataka hilo lijulikane.

"Dada yangu, humu yumo mzee mmoja, sikatai," alisema. "Lakini hana jina, hana kosa, hana kesi. Mtu wa namna hiyo sisi hatuwezi kumwachia, kwa sababu hatujamkamata."

Zamda akauliza kama anaweza basi kumpa huyo mzee kile kikapu. Sajenti akasema chakula hupokelewa kwa jina. Mimi nikasogea mbele nikasema najitolea kuwa shahidi, namfahamu mzee Kitwana, amenifulia nguo miaka yote. Sajenti akaniambia kwamba ananifahamu pia, kwani mimi nilikuwepo mzee akitoka, na nilishangilia kuliko wote.

Nilitaka kulipiga teke lango lile, sikulipiga. Zamda alibaki ameshika kikapu kwa mikono miwili, na Sajenti akashindwa kumtazama. Mwisho akatwambia tungoje, akaingia ndani, akachelewa sana.

Aliporudi alisimama upande wa pili wa nondo na kuzungumza haraka, huku anaangalia mahali pengine.

"Nimemwambia yule mzee kuna binti getini anamtafuta baba yake. Amesema usisimame juani, urudi nyumbani. Amesema ukifika umsalimie sana baba yako, na umwambie asithubutu kurudi huku."

Zamda aliitikia kwa kichwa. Akaifunika vizuri ile chupa ya chai ili isipoe.

"Mwambie nitamfikishia," akasema.